Maneno Yaagizwe Kinshasa, Unga Uuzwe Luhwindja?

Kikundi cha vijana kinachoanza kusaga na kuuza unga wa muhogo huko Luhwindja, eneo la Mwenga, Kivu Kusini, kimefanya uamuzi ambao siwezi kuunyamazia. Jirani yao yuko dada mmoja anayeishi kwa kuandika komunike za redio, analipwa kila kazi kwa bei yake. Wamempita, wakamwagiza mtu wa Kinshasa, kwa simu, awaandikie matangazo yote kwa Kifaransa. Mtu huyo hajakanyaga Mwenga wala hajaushika unga wenyewe. Wamekosea, na kosa hili litakula mtaji wao.

Sababu zao nimezisikia. Kifaransa ni lugha rasmi, karatasi za kusajili biashara ni za Kifaransa, na wenye hoteli za Ibanda, mjini Bukavu, huheshimu mfuko ulioandikwa hivyo. Sawa, karatasi za serikali zibaki hivyo.

Lakini unga huo nani ataununua? Ni mama anayepikia watoto bugali, mchimbaji wa dhahabu anayetoka shimoni jioni, mchuuzi anayepeleka mzigo soko la Kadutu, Bukavu. Nyumbani wanasema Mashi, sokoni Kiswahili. Kabla ya kutoa franka wanataka kujua mengi. Muhogo ulilowekwa siku ngapi? Ulianikwa juu ya turubai au pembeni mwa barabara, kwenye vumbi? Una mchanga? Bugali wake unashikana au unalegea? Mfuko una kilo kamili, au umepunjwa? Mwandishi asiyeyasikia maswali haya atayajibu vipi? Ndiyo maana yule wa Kinshasa ametuma sifa tupu: ubora wa juu, huduma nzuri, bei nafuu. Zibandike sifa hizo kwenye saruji au sabuni, hutabadilisha hata neno moja.

Na hapa uvumilivu wangu unakwisha. Luhwindja ndiyo ya kufanya hivi? Banro, kampuni ya Kanada, ilianza uzalishaji wa kibiashara wa dhahabu kwenye mgodi wa Twangiza, hapahapa Luhwindja, mwaka 2012. Familia zilizoishi eneo la mgodi zilihamishiwa Cinjira, na mambo mazito ya ardhi na riziki yao yaliandikwa kwenye makaratasi ya Kifaransa ambayo mkulima wa kawaida hakuweza kujisomea. Leo watoto wa milima hiyohiyo wamepata biashara yao wenyewe, hakuna mgeni anayewaamuru, na bado wanachagua kusema na mama zao kwa lugha inayowafungia mlango! Katiba ya 2006, kifungu cha kwanza, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Wanasubiri ruhusa ya nani?

Wataniambia pesa ni ngumu, na kweli ni ngumu: waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, benki zilifunga milango. Basi wamlipe mwandishi wa karibu nusu kwa simu kabla ya kazi, nusu akimaliza, na makubaliano yaandikwe. Wampeleke kwenye mashine ya kusaga, kisha akae sokoni na wauzaji wanawake asikilize. Rasimu isomwe kwa sauti mbele yao kabla mfuko wowote haujachapwa. Wakiuliza bei au uzito baada ya kusomewa, kazi haijaisha, arudi akaandike upya. Komunike ya redio itolewe kwa Mashi pia, maana wazee wa vilimani hawashuki sokoni kusoma bango.