Tumbo Lisitibiwe kwa Kukisia, Mgonjwa wa Figo Asiachwe Peke Yake

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunazielekea familia za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuhusu maradhi mawili yanayokutana kwenye sahani moja: maambukizi ya tumbo na kushindwa kwa figo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu, aliwaelekeza watafute tiba. Nasi tunasema kuwa kutafuta tiba huanza kwa kuujua ugonjwa. Anayemeza dawa kwa kukisia hajatafuta tiba, amebahatisha.

Tuanze na tumbo. Mtu akiumwa chembe ya moyo, mmoja husema ni vidonda vya tumbo, mwingine husema ni taifodi, na safari huishia duka la dawa. Mwaka 1982 huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimtambua bakteria aitwaye Helikobakta pailori, ambaye ni chanzo kikubwa cha vidonda hivyo. Mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, wengi walio na bakteria huyo hawaumwi kitu. Kipimo cha damu huonyesha kinga ambayo mwili uliijenga, na kinga hiyo hubaki hata baada ya mtu kupona. Kwa hiyo hakitofautishi maambukizi ya jana na ya leo. Kipimo cha choo kinachomtafuta bakteria mwenyewe, kipimo cha pumzi, au kamera ya tumbo ndivyo vinavyotoa jibu la kutegemewa. Navyo hudanganya iwapo mgonjwa ametumia omeprazo ndani ya wiki mbili, au antibiotiki ndani ya wiki nne. Basi tumweleze daktari kila tulichokimeza.

Kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine, kukisia kuna hatari zaidi. Kichefuchefu chake huenda kikatokana na sumu zilizorundikana mwilini, wala si bakteria. Dawa za kutuliza asidi zenye magnesi au alumini hukaa mwilini mwake kwa kuwa figo haziwezi kuzitoa. Na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, tunavyonunua kama pipi, hujeruhi tumbo na figo kwa pamoja. Anayetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye chakula. Ngara na Biharamulo ni nchi ya ndizi, maharage, mihogo na viazi vitamu. Ni neema za Allah. Lakini zina potasiamu nyingi, na figo iliyokufa haiitoi. Mashine huitoa, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kati ya zamu hizo hujikusanya hadi inaweza kuusimamisha moyo. Tena mgonjwa huyo hupimiwa maji, chumvi hupunguzwa, na dagaa na soda nyeusi huhitaji tahadhari kwa sababu ya fosforasi. Wakati huo huo anahitaji mayai, samaki au nyama kwa kipimo, kwa kuwa mashine humpunguzia protini.

Watu husema, "Mgonjwa huyu hasikii." Sisi tunauliza: atasikiaje, na chungu cha nyumbani ni kimoja? Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa kanda hii wamesafiri hadi Bugando, Mwanza, kuifuata mashine. Na kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, walisubiri kivuko. Nauli imekula fedha za mayai. Orodha ya vyakula aliyopewa yeye hakuipata mpishi. Mgeni akija, kukataa sahani huonekana dharau. Mtu akikaa na kiu siku nzima, glasi moja ya maji si jambo dogo. Kulaumu ni rahisi. Kubadilisha chungu ndiyo kazi.

Na kazi hiyo inawezekana. Anayepika afuatane na mgonjwa kliniki. Ndizi na viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe: potasiamu hupungua, ingawa haiishi, hivyo kiasi kipimwe. Maji ya siku yawekwe kwenye chupa moja, ili kila mtu ajue yaliyobaki.

Ramadhani inahitaji uangalifu zaidi. Sahani yetu ya futari, yenye tende, mihogo, viazi na maharage, ni mzigo wa potasiamu mtupu. Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wanazuoni wengi wamesema asiyetarajia kupona atoe fidya kwa kumlisha masikini kwa kila siku. Asilazimishwe kufunga kwa kuonewa haya, wala asisukumiwe tende kwa jina la Sunna. Mafundisho yenyewe yanaruhusu kufuturu kwa maji, nayo kwake yawe kwa kipimo. Maimamu walitamke hili mimbarini kabla ya mwezi kuandama, na daktari aulizwe mapema.

Mgonjwa ni amana. Amana hiyo hulindwa jikoni kila siku, kama inavyolindwa hospitalini. Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na awape subira wanaowahudumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.