Hesabu Kondoo Kabla ya Giza: Wito kwa Wenye Maduka wa Longonot

Katika nyanda zilizo chini ya Mlima Longonot, mfugaji Mmaasai hafungi boma jioni kabla ya kujua kama mifugo yote imerudi. Husimama langoni kondoo na mbuzi wakipita, akiwatambua kwa rangi, kwa pembe na kwa mwendo, na akikosekana mmoja hujua ni yupi. Hafanyi hivyo kwa kupenda hesabu. Kondoo aliyekosekana leo bado anaweza kutafutwa kabla ya giza, lakini yule atakayekumbukwa baada ya siku tatu ameshakuwa chakula cha fisi. Si mbali na boma hilo, kando ya barabara itokayo Mai Mahiu kwenda Naivasha, wapo wenye vibanda vya viazi na kabeji, wenye maduka ya unga na sukari, wenye hoteli ndogo za chai na chapati, na wauzaji wa maji na kofia wanaowangoja wapandaji mlima. Hao hufunga mlango usiku baada ya usiku, mwaka mzima, na wengi wao hawajui kama mali waliyoanza nayo Januari ingali yote ndani. Neno langu kwao, sasa Desemba inapomalizika, ni moja: tusimame langoni tuhesabu. Biashara ndogo mara nyingi haifi kwa kukosa wateja. Hufa kwa sababu mwenyewe anaila bila kujua.

Sisemi haya kuwatisha watu bure. Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu biashara ndogo nchini. Lilikadiria kwamba biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika muda wa miaka mitano, na kwamba biashara iliyofungwa ilikuwa imeishi kwa wastani wa miaka 3.8 tu. Miongoni mwa sababu kuu walizotaja wenyewe ni upungufu wa fedha za kuendeshea kazi. Jibu hilo tulitafakari vizuri. Fedha za kuendeshea kazi zilikuwepo siku ya kwanza, la sivyo duka lisingefunguliwa. Kati ya siku ile na siku ya kufunga zilikwenda wapi? Ziko zilizolipa hospitali, ziko zilizomezwa na bei ya bidhaa ilipopanda, ziko zilizoibwa. Hasara za namna hii mtu huziona na huzikumbuka. Lakini ziko nyingine zilizotoka kwenye droo noti moja moja, leo ya nauli, kesho ya mboga, na hakuna siku hata moja ambayo mwenye duka angeweza kuinyooshea kidole akasema kwamba ndiyo iliyomfilisi. Wahenga waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, uzito wa methali waliuweka kwenye maneno mawili ya mwisho.

Tuchukue mfano, tuutazame kwa karibu. Mama mmoja ameanza Januari na mtaji wa shilingi 60,000, yaani bidhaa za 45,000 na pesa taslimu 15,000. Desemba anahesabu. Rafuni kuna bidhaa za 38,000. Mkononi na kwenye till kuna 9,000. Wateja wa kuaminika wana deni lake la 6,000. Jumla ni 53,000. Lakini yeye naye anadaiwa 11,000 na mwenye duka la jumla, kwa hiyo mali iliyo yake hasa ni 42,000. Duka limepungua kwa shilingi 18,000. Hapo wengi wangesema biashara ni mbovu, wakafunga. Asikate tamaa upesi. Aulize kwanza alichotoa dukani kwa ajili ya nyumba. Tuseme alitoa shilingi 300 kila siku kwa siku 360, basi nyumba ilipokea 108,000. Toa humo ile 18,000 iliyopungua, utaona kwamba duka lilizaa 90,000 kwa mwaka, yaani shilingi 250 kwa siku. Kumbe duka si bovu hata kidogo. Lilikuwa na uwezo wa kutoa 250, naye akaliomba 300. Shilingi hamsini za kila siku, ambazo hazitoshi hata pakiti ya unga, zimekula karibu theluthi ya mtaji wake ndani ya mwaka mmoja. Akiendelea hivyo hivyo, katika mwaka wa nne hatakuwa na kitu cha kuuza, na akiulizwa atajibu kwamba biashara siku hizi ni ngumu.

Kuhesabu kwenyewe kuna adabu zake, na ya kwanza ni ukweli. Bidhaa zihesabiwe kwa bei ya kununulia, kwa sababu faida ya kitu ambacho hakijauzwa bado ni ndoto. Viazi vilivyochipua chini ya gunia, mkate uliokauka na dawa ya mifugo iliyopita tarehe viandikwe sifuri, hata kama moyo unauma. Deni la jirani anayelipa kila mwisho wa mwezi ni mali. Deni la dereva ambaye hajapita tangu Agosti lisitiwe kwenye jumla. Upande wa pili yaandikwe yote tunayodaiwa bila kuficha: mzigo uliochukuliwa kwa ahadi, kodi ya chumba, mikopo ya Fuliza na Hustler Fund, mchango wa chama ambao haujalipwa. Kisha tutazame bidhaa moja moja. Katika duka dogo nafasi ya rafu ni mali kama ilivyo pesa, na kitu kilichokaa miezi mitano kikipigwa vumbi kimekalia nafasi ya kile kinachoulizwa kila asubuhi nasi tunajibu kwamba kimeisha.

Najua wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya makampuni, na kwamba kibanda cha mabati hakina haja ya mahesabu. Hoja hiyo inageuza ukweli. Kampuni kubwa ikipoteza shilingi elfu kumi na nane haitikisiki. Kibanda kikipoteza kiasi hicho kimepoteza mzigo wa wiki nzima. Tena desturi hii si ngeni kwetu. Mfanyabiashara Mwislamu wa pwani, kila mwaka unapotimia, hulazimika kuhesabu bidhaa zake na pesa zake ili ajue zaka ya asilimia 2.5 anayopaswa kuitoa, na hawezi kuitoa kwa kukisia. Wahindi wa Kigujarati waliofungua maduka kutoka Zanzibar na Mombasa hadi bara hufunga vitabu vya mwaka wakati wa Diwali na kufungua vipya kwa dua. Maneno yenyewe tunayoyatumia, hesabu, daftari, faida, hasara, rasilimali, yalikuja na biashara hiyo ya bahari, yakaingia katika lugha yetu pamoja na bidhaa. Itakuwa ajabu tukiyabakiza maneno midomoni na kazi yake tukaiacha.

Wengine watasema kwamba simu inawatunzia hesabu. Ni kweli kwamba M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, imetupa kumbukumbu ambayo baba zetu hawakuwa nayo, na ni vyema kuomba taarifa ya mwaka mzima na kuisoma mstari kwa mstari. Lakini simu inajua tu pesa iliyopita ndani yake. Haijui noti zilizolipwa mkononi. Haijui sukari iliyobaki kwenye gunia. Na kama laini ya duka ndiyo hiyo hiyo inayopokea mchango wa matanga, karo kutoka kwa shangazi na zamu ya chama, basi taarifa itaonyesha mamia ya maelfu yakiingia na kumfanya mtu ajione tajiri kwa pesa ambazo hazikuwa zake. Anayetaka simu imsaidie, aipe biashara namba yake na nyumba namba yake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaosema kwamba hatima ya biashara za njiani haiko mikononi mwa wenyewe. Wana ushahidi. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulitokea karibu na Suswa ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Machi 2021 Nakuru, kaunti ya Longonot, ilikuwa miongoni mwa kaunti tano zilizofungwa kuzuia Korona. Alfajiri ya 29 Aprili 2024 mafuriko yaliishukia Mai Mahiu yakaua makumi ya watu. Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, na mradi huo unaigusa pia barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha. Ni kweli, daftari halizuii mafuriko wala tingatinga. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tunalihitaji. Aliyeandika hesabu anajua kama mauzo yalishuka barabara ilipofungwa, au yalikuwa yameanza kushuka miezi miwili kabla. Akilazimika kukihamisha kibanda, anajua mtaji anaoondoka nao, na deni ambalo duka lake linaweza kulibeba. Asiyejua atakopa kwa kukisia, ajenge upya kwa pesa asizoweza kuzilipa, kisha alaumu barabara kwa kosa lililofanyika mezani pake.

Iko pia hofu ya kodi, kwamba anayeandika anamwandikia mtoza ushuru. Tangu Julai 2023 sheria inatoza asilimia 3 ya mauzo ghafi kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni moja na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja ni kama shilingi 2,800 za mauzo kila siku. Je, wewe uko juu au chini ya hapo? Asiye na daftari hawezi kujibu, na asiyeweza kujibu atakubali jibu la yeyote atakayekuja mlangoni na kitambulisho shingoni. Na kwa kuwa kodi hiyo inakatwa kwenye mauzo wala si kwenye faida, anayeuza kwa faida nyembamba ana haja kubwa zaidi ya kujua kinachobaki.

Kuhusu muda, nakiri kwamba Desemba ndiyo msimu wa Longonot: wasafiri wanapanda kwenda mashambani, wageni wanakuja kukwea mlima, na Mwaka Mpya ukipita magari yanarudi Nairobi yakisimama kuchukua viazi na karoti. Lakini duka dogo linahesabika kwa nusu siku, na nusu hiyo ni lazima ipatikane kabla shule hazijafunguliwa. Karo ya Januari haibishi hodi. Ikimkuta mwenye duka hajui faida ni ipi na mtaji ni upi, itachukua vyote viwili, na mwezi wa pili rafu zitakuwa nyeupe.

Basi, ndugu zangu, nunueni daftari la mistari. Ukurasa wa kwanza uandikwe tarehe, kisha mistari mitano: bidhaa, pesa, tunachodai, tunachodaiwa, na kilichokwenda nyumbani. Tafuteni kiasi ambacho duka linaweza kuilipa nyumba kila siku, kiandikeni kwa wino, na watu wa nyumbani waambiwe. Mama wa mfano wetu hakuhitaji mkopo, wala wateja wapya, wala mahali pengine pa kuuzia. Alihitaji kujua kwamba mwisho wake ni 250, na kuzirudisha zile hamsini kwenye droo kabla ya kufunga mlango.