Amekula Dawa Gani?



Ndugu wasomaji, akina baba na akina mama, leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho hakikosekani katika nyumba zetu: vidonge vilivyofungwa katika karatasi ya daftari.

Mtoto wangu wa mwisho alipatwa na homa usiku, hapa Bwera. Asubuhi nikaenda duka la dawa la jirani. Nikasema, "Musawo, mwanangu anawaka moto." Hakuniuliza umri wa mtoto wala uzito wake. Alihesabu vidonge kutoka kwenye kopo, akavifunga katika karatasi, akaniambia, "Mpe nusu asubuhi na nusu jioni, mama." Nikalipa, nikashukuru.

Siku ya pili hali ikawa mbaya, tukapanda boda boda kwenda hospitali. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Amekula dawa gani?" Nikafungua ile karatasi mbele yake. Vidonge vyeupe, havina jina. Mimi sikuwa na jibu, na yeye hakuweza kuvitambua. Mtoto alipona, alhamdulillah, lakini swali lile halijanitoka mpaka leo.

Je, nchi yetu haina sheria? Inayo. Tangu mwaka 1993 Uganda ina sheria ya dawa, na chini yake ikaundwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake tatu, NDA. Sheria hiyo inatofautisha famasi na duka la dawa. Famasi lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, na ndiyo yenye ruhusa ya kuuza dawa za kuandikiwa na daktari. Duka dogo la dawa limeruhusiwa dawa za kundi C tu, zile zisizohitaji cheti cha daktari. Kuchoma sindano si kazi yake. Na wote wawili wanatakiwa kuwa na leseni, ambayo huombwa upya kila mwaka.

Sasa tembea kutoka mjini Bwera mpaka Mpondwe, kisha ujiulize mwenyewe: ni wangapi wanaofuata hayo?

Kuna watakaosema kidonge ni kidonge, tusitishane. Basi tuwatazame majirani zetu. Kati ya mwisho wa 2014 na mwaka 2015, katika Ituri, upande wa pili wa mpaka na Uganda, watu walianza kukakamaa shingo, uso na ulimi. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Vidonge walivyokuwa wakila vilipopimwa, ikaonekana vimeuzwa kwa jina la diazepam, dawa ya kutuliza, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa ya maradhi ya akili. Watu zaidi ya 1,000 waliugua, na 11 walifariki, wakiwemo watoto. Na hapa kwetu Uganda, mwaka 2018 ziligunduliwa chanjo bandia za homa ya ini aina ya B, mpaka Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari.

Sisi tunaishi mpakani. Mto Lhubiriha hauzuii mzigo kuvuka. Kinachouzwa Kasindi asubuhi kinaweza kuwa Bwera mchana, na cha Bwera kikawa Beni kabla ya jua kuzama. Kwa biashara ya vitenge na samaki hiyo ni neema. Kwa dawa ni hatari, kwa sababu kitenge kibovu utakiona kwa macho, lakini dawa mbovu haionekani.

Sasa nije kwenye maoni yangu, na najua wengine hawatayapenda. Ukaguzi wa kuvamia hautoshi. Sote tunajua mchezo ulivyo. Wakaguzi wakionekana Kasese mjini, simu zinapigwa, na kabla gari lao halijamaliza zile kilomita zaidi ya 50 za kuja huku, milango imeshafungwa. Wakiondoka, inafunguliwa. Anayekamatwa mara nyingi ni yule asiye na mtu wa kumpigia simu.

Na hata wakiyafunga yote, mama mwenye mtoto mgonjwa ataenda wapi? Tangu 2001 matibabu katika vituo vya serikali hayana malipo, na hilo ni jambo jema sana. Lakini bohari ya taifa huleta dawa kwenye vituo kila baada ya miezi miwili, na zinapokwisha kabla ya mzigo mwingine kufika, mgonjwa huambiwa akanunue nje. Ukifunga duka la karibu na kituo hakina dawa, umempeleka huyo mama kwa mchuuzi wa sokoni anayeuza vidonge juani pamoja na sabuni na betri. Huyo hana leseni, hana hata mlango wa kufungwa.

Kwa hiyo naiomba serikali mambo matatu. Kwanza, mkaguzi awe karibu nasi. Aje mara kwa mara, afundishe, aonye, na anayerudia kosa ndipo afungiwe. Pili, wauguzi na wakunga wetu wanaotaka kufungua duka halali vijijini warahisishiwe safari na gharama za leseni, ili uhalali usiwe wa watu wa mjini peke yao. Tatu, rafu za vituo vya afya zijazwe. Dawa za serikali zina alama na onyo kwamba haziuzwi. Zikionekana dukani, asiulizwe mwenye duka peke yake, aulizwe na aliyezitoa kituoni.

Kusimamia wauza dawa si jambo geni kwetu Waislamu. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwepo muhtasib, mkaguzi wa soko. Al-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 12, aliandika kitabu kizima kuhusu kazi hiyo, na humo akawataja wauza dawa, jinsi wanavyochanganya vitu visivyofaa, na namna ya kuwagundua. Walijua kwamba mizani ya dawa ikipunjwa, kinachopunjwa ni uhai wa mtu.

Lakini muhtasib alikuwa mmoja na wanunuzi ni wengi. Kwa hiyo na sisi wazazi tuna wajibu wetu:

1. Tuangalie leseni ukutani, na mwaka ulioandikwa.
2. Tusikubali vidonge visivyo na jina. Kama vimehesabiwa kutoka kwenye kopo, tuombe kuliona kopo na tarehe ya mwisho, na jina la dawa liandikwe kwenye bahasha.
3. Tusinunue nusu ya dozi kwa sababu pesa zimepungua. Tuseme ukweli, tukope, au twende kituoni.
4. Tusimlazimishe musawo atuchome sindano ili turidhike.
5. Homa isiyopungua tuipeleke hospitali. Si kila homa ni malaria. Juni 2019, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo aligunduliwa na Ebola na akafariki hapa hapa Bwera.

Nawaomba pia wenye maduka, ambao wengi ni ndugu zetu na tunasimama nao safu moja msikitini. Najua kodi ya chumba ni kubwa na wateja wanataka rahisi. Lakini anayekuja kwako amekuja na roho ya mwanawe mkononi. Hiyo ni amana. Mwambie jina la dawa. Na kama hujui, mwambie hujui, umwelekeze hospitali. Hutapoteza mteja, utampata wa maisha.

Leo nikinunua dawa, bahasha naiweka mpaka mgonjwa apone. Siku muuguzi akiniuliza tena swali lile, nataka niwe na jibu.

Wabillahi tawfiq.