Kuongeza Hadithi si Kuifuta

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu huyatenda katika mali yake mwenyewe na bado yakawa dhuluma kwa wenziwe. Mwenye nyumba akibomoa ukuta wake, hilo ni shauri lake, lakini ukuta huo ukiwa ndio unaoegemewa na nyumba ya jirani, hatuwezi kumwambia, "Fanya upendavyo." Hali ni hiyo hiyo kwa watengenezaji wa senema wanaotoa hadithi njema, ikapendwa na watu, kisha wakaleta sehemu ya pili au ya tatu yenye kuifuta ile ya kwanza. Nakusudia hasa zile senema za kubuni za kisayansi, za mashine zenye akili na safari za nyotani, kwani ugonjwa huu umezishika mno, na watoto wetu wanazitazama, tukipenda tusipende.

Usiniambie kwamba hayo ni ya Wazungu na hayatuhusu. Hapa Ijuganyondo, katika mji wa Bukoba, senema hizi zilitufikia zamani kwa mikanda ya video, zikaja kwa diski, na leo zimo ndani ya simu. Kampala ni jirani yetu, na huko wako wasimulizi mashuhuri wanaozieleza senema za kigeni kwa Kiganda. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, akizisimulia kwa Kiswahili. Na nyumba za Mombasa, Tanga na Unguja, je, zimesalimika? La hasha!

Basi na tutoe mifano. Mwaka 1986 ilitoka senema iitwayo Aliens, ya James Cameron. Ndani yake yumo mwanamke, Ripley, anayekwenda kwenye makazi ya watu katika sayari ya mbali na kukuta wakazi karibu wote wameangamizwa na wanyama wa kutisha. Anamkuta mtoto mmoja wa kike, Newt, yatima, amejificha mashimoni. Mwisho wa hadithi Ripley anarudi peke yake mahali penye hatari, hali njia ya kukimbia iko wazi, kwa ajili ya kumtoa mtoto huyo. Mwaka 1992 ikaja Alien 3. Kabla hadithi haijashika kasi, chombo chao kinaanguka, na yule mtoto amekufa maji usingizini. Hakupewa hata neno moja la kusema. Alifutwa kama hesabu ya ubaoni, ili mtunzi mpya apate ubao mtupu.

Mfano wa pili ni Terminator. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1991, mama Sarah na mwanawe John wanajitahidi kuzuia vita ambavyo mashine zingevianzisha na kuwaua watu mabilioni. Fundisho lake lilikuwa wazi, kwamba binadamu hana haki ya kukaa kitako na kusema maangamizi hayana budi kuja. Ana wajibu wa kujaribu. Ilipofika mwaka 2003, sehemu ya tatu ikatuambia kuwa kazi ile yote iliahirisha tu, na vita vikaja. Na ile ya mwaka 2019, iitwayo Dark Fate, ikamwua John angali mvulana, mwanzoni kabisa, mbele ya mama yake. Tazama basi: mama ametaabika senema mbili nzima kumwokoa mwanawe, na wanakuja watu wengine kumwua kwa dakika chache ili wapate nafasi ya kuanza upya.

Watu wa pwani wanayo kanuni ya jambo hili, nayo ni ya zamani kuliko senema. Ni takhmisi. Mshairi huuchukua utungo wa mtangulizi wake, na kwa kila mishororo miwili ya asili hutanguliza mitatu yake, ikawa mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyoutia takhmisi utungo wa Liyongo. Ana uhuru mkubwa mtia takhmisi! Anaweza kupanua maana, kuifafanua, hata kuitia huzuni isiyokuwapo. Lakini mishororo ya mwenziwe haigusi, na vina vyake hana budi kuvifuatisha na vya yule wa kwanza. Huku kwetu ziwani nako wapigaji wa enanga huimba habari za Mugasha na Kachwenyanja kila mmoja kwa namna yake, na wasikilizaji hawaoni ajabu. Kwa hiyo hatusemi kwamba hadithi isiguswe. Twasema kwamba anayeongeza ana deni kwa yule aliyetangulia, na kwa wale waliomsadiki.

Wako watakaojibu kwamba kifo ndivyo kilivyo, huja ghafla, humchukua mtoto na kumwacha mzee, na kwa hiyo Alien 3 imesema kweli. Jibu hili lina uzito, wala sitalipuuza. Kifo cha kweli huja bila hodi. Lakini kifo cha kweli huacha matanga, huacha nguo iliyotundikwa na kikombe kisicho mwenyewe. Tofauti iko kati ya mtunzi anayeeleza msiba na mtunzi anayemwondoa mtoto kwa kuwa hajui amfanye nini. Na hawezi kusema alikosa njia. Mwandishi William Gibson aliandika kabla yake mchezo wa sehemu hiyo ya tatu ambamo Newt yu hai. Mchezo huo haukupigwa picha. Mwaka 2015 Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, alitaka kutengeneza senema nyingine ya kumrejesha Ripley na askari Hicks, nayo haikutengenezwa. Njia zilikuwapo, zikaachwa.

Mimi nami nitaonyesha njia, kwa sababu mtu akilaumu chakula yampasa aonyeshe namna ya kukipika.

Kwanza, Newt. Aamke salama, afike duniani. Kampuni ile iliyotaka kumfuga mnyama awe silaha bado ipo, ina mawakili na fedha. Aliyeona tangu mwanzo jinsi watu wa makazi yale walivyoangamia ni mtoto yatima. Basi hadithi iwe ya ushahidi: nani atamsadiki yatima mbele ya wenye mali? Ripley, ambaye binti yake mwenyewe alizeeka na kufa wakati yeye amelala safarini miaka 57, atasimama kama mlezi wake, na kampuni itamwambia kwamba hana haki ya kumlea. Wanyama waje, naam, kwani watazamaji wamelipa kuwaona. Lakini hofu kubwa iwe ile ya mtoto anayeambiwa na watu wazima kwamba hakuona alichokiona. Sisi tuliousiwa juu ya haki ya yatima tungeielewa senema hiyo bila ya msimulizi.

Pili, John. Vita visije. Huyo ni kijana aliyelelewa kwa ajili ya vita tu, akafundishwa bunduki kabla ya hesabu, na sasa vita havipo, wala hakuna anayejua kwamba vilizuiwa. Ataishi vipi? Atamwoa nani, atafanya kazi gani, atamweleza nani? Wengine watasema hapo hapana mchezo. Waje Kagera! Sisi tulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, na vita vikaisha mwaka 1979. Muulize mzee yeyote wa huku kama hadithi iliishia siku bunduki ziliponyamaza. Watu walirudi kwenye migomba iliyoharibika na nyumba zisizo paa. Vijana waliokwenda vitani walirudi na usingizi usiokuwa usingizi. Hapo ndipo ilipotakiwa subira na akili, na hapo ndipo senema ya John ingepata nyama yake. Mashine moja iliyosalia inatosha kutia hofu. Si lazima dunia nzima iungue tena.

Sasa nawageukia wazazi. Wako wanaopiga marufuku senema zote, na mtoto akaenda kuzitazama kwa jirani. Wako wanaoziacha tu, wakisema, "Ni senema, itapita." Haipiti bure. Mtoto anayezoea kuona ahadi ikivunjwa sehemu hata sehemu, na watu wazima wakinyamaza, hujifunza kwamba neno la jana halimfungi mtu leo. Kisha tunashangaa akikua na kuahidi bila kutimiza!

Kwa hiyo, baba nawe mama, sehemu ya pili ikimalizika na mtoto akanuna, usimcheke. Mwulize: kitu gani kiliahidiwa katika ile ya kwanza? Nani amekivunja? Wewe ungemalizaje? Halafu umsikilize mpaka mwisho, na umkatalie akijibu kwa wepesi, akimwua mtu ili tu asiwe na kazi naye. Mpe daftari ayaandike. Bibi zetu walitusimulia hadithi bila karatasi wala umeme, na mjukuu akisema, "Siyo hivyo, bibi, juzi sungura alikuwa hai," bibi alilazimika kujieleza. Tuwafanye watoto wetu wawe wakali namna hiyo mbele ya kila msimulizi, awe na kipaza sauti cha kibanda cha video au awe na mamilioni ya dola.

Wabillahi tawfiiq.