Yusufu Alijenga Ghala, Lakini Tusome Mpaka Mwisho

Kila mwaka mavuno yakiisha, sisi waumini wa Mhunze na vijiji vya jirani tunaleta sadaka ya mavuno kanisani. Mtama, choroko, dengu, alizeti, kuku, hata mbuzi wa yule aliyejaliwa zaidi, vyote vinapangwa mbele ya madhabahu. Tunaimba, na baada ya ibada tunavinadi uani. Ni siku njema. Lakini ikifika Januari, baadhi ya walioleta debe la mtama siku ile wanakwenda kwa mchungaji jioni, kwa mlango wa nyuma, kuomba sado ya unga. Tumeliona jambo hili mara nyingi mpaka tumeacha kushangaa. Tunaandika kwa sababu tunaamini kwamba kuacha kushangaa ni dhambi.

Majibu tunayo tayari. Tunasema mvua haikutosha. Tunasema Mungu anatujaribu. Wengine, wenye mishahara, wanasema wakulima ni wavivu. Ni kweli Kishapu ni nchi kavu, na hakuna anayepaswa kuacha kuomba mvua. Lakini mbona hata mwaka wa mvua nzuri Januari huja na njaa ileile? Tukijiuliza kwa ukweli, jibu liko wazi. Wakati wa mavuno kila nyumba ina deni la mbegu, sare za watoto na mgonjwa wa kupeleka hospitali. Wote tunauza kwa wakati mmoja, na bei inakuwa ya chini kuliko wakati wowote. Wengine wameshauza mazao yakiwa bado shambani, kwa mtu aliyekuja na fedha taslimu mwezi wa dhiki. Kisha msimu wa kulima tunanunua mahindi kwa bei ya juu ili tupate nguvu ya kushika jembe. Wapendwa, mwaka ule hatukukosa chakula. Tulikiuza.

Wapo ndugu zetu watakaosema: haya ni mambo ya serikali na wafanyabiashara, kanisa lihubiri Injili. Tunawaomba wafungue kitabu cha nabii Amosi, sura ya 8. Amosi aliwakemea wauza nafaka waliopunguza kipimo na kuchezea mizani, waliokaa ibadani wakiona sabato inachelewa kwisha. Kama nabii aliona mizani ni jambo la Mungu, sisi ni nani tuseme si jambo la kanisa? Lumbesa, lile gunia linaloongezewa kilemba juu mpaka lipite kilo 100, limekatazwa na sheria ya vipimo ya nchi hii. Hata hivyo tunalishona kwa mikono yetu wenyewe, wengine tukiwa wazee wa kanisa.

Wanaokubali kwamba kanisa liseme juu ya njaa hupenda kumtaja Yusufu. Nasi tunampenda. Katika Mwanzo sura ya 41 alifanya kile ambacho leo kingeitwa sera ya kilimo. Alitazama miaka iliyo mbele, akatenga sehemu ya tano ya mavuno ya miaka saba, akajenga maghala. Mahubiri mengi huishia hapo. Tusome mpaka sura ya 47. Njaa ilipozidi, watu walinunua nafaka kwa fedha zao. Fedha zilipokwisha wakatoa mifugo, na mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba na miili yao, wakawa watumwa wa Farao. Nafaka ile walikuwa wameilima wao. Ghala liliwaokoa na kifo, lakini hawakuwa na neno juu ya bei wala juu ya ufunguo. Na tuone jambo moja linalotuhusu sisi wa kanisani: ardhi ya makuhani haikuguswa, kwa maana walikuwa wakipata posho kwa Farao. Katika sura ile makuhani hawasemi lolote kuwatetea watu.

Basi hoja yetu ni hii. Njaa ya vijijini haiondolewi na ghala peke yake, wala na mvua peke yake. Inaondolewa pale mkulima anapojua soko kabla ya kupanda, na anapokuwa na sauti katika mizani, bei na ghala. Kumnyima maarifa hayo ni kumnyima chakula.

Babu zetu walilijua hili. Wakulima wa pamba wa Usukuma walianza kwa kutoiamini mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, ukawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa barani Afrika. Kwa nini ulidhoofika? Wezi walikuwamo ndani, hatulifichi hilo. Lakini pia serikali iliushika mkono, na mwaka 1976 ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Viliporudishwa miaka ya 1980, mkulima alivipokea kama kitu cha ofisini, si chake.

Na tuone yaliyotokea karibuni. Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwake, na bei ikaporomoka vibaya hapa Tanzania. Uamuzi uliofanyika New Delhi ulimkuta mkulima ameshavuna, hana habari. Mwaka 2019 pamba yetu ilitangaziwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, huku bei ya dunia ikishuka. Wanunuzi wakasita, na pamba ikalala kwenye maghala ya vyama vya msingi kwa miezi. Nia ya kumlinda mkulima ilikuwa njema. Lakini bei isiyotazama soko haimlishi mtu. Mtoto hali tangazo.

Linganisheni na dhahabu. Tangu mwaka 2019, yalipofunguliwa masoko ya madini kuanzia Geita, mchimbaji mdogo mwenye gramu moja anaweza kuuliza bei elekezi, nayo inafuata bei ya dunia. Mkulima wa Kishapu mwenye magunia kumi ya dengu, zao ambalo soko lake kubwa liko India, anaulizia bei kwa nani? Kwa mnunuzi mwenyewe. Kisha tunashangaa vijana kuacha jembe na kwenda machimboni Mwakitolyo na Geita. Vijana hawa hawakimbii kazi, maana kazi ya shimoni ni ngumu kuliko kulima. Wanakimbilia mahali ambako bei inajulikana.

Sasa mfumo wa stakabadhi ghalani umefika kwenye choroko na dengu zetu, na waumini wamegawanyika. Wengine wanaona ni ukombozi, wengine wanaona ni kamba shingoni. Sisi tunasema ghala la pamoja na mnada wa wazi ni bora kuliko kuuza gizani kwa mlanguzi. Lakini mama mjane mwenye magunia mawili hawezi kungoja wiki kadhaa alipwe wakati mwanawe ana malaria leo. Mfumo usiomhesabu mama huyu utamrudisha kwa mlanguzi usiku, na hapo tutamwita mvunja sheria. Huyo ndiye Yusufu wa sura ya 47.

Hatuipingi serikali kwa kupenda ubishi. Tumeona bajeti ya Wizara ya Kilimo ikipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23, na tumemshukuru Mungu. Tunachoomba ni kwamba sehemu ya fedha hizo iutafiti soko na matokeo yarudi kijijini. Dengu tunazipanda mvua zikielekea kwisha, zikaishi kwa unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi wa mbuga. Basi habari za soko la India zitufikie kabla ya wiki hizo, kwa Kiswahili na Kisukuma, si baada ya kuvuna. Malipo ya ghalani yawe na siku inayojulikana, na anayechelewesha awajibike. Na watafiti wanapokuja na madodoso yao, warudi kutuambia walichokiona.

Jambo hili linawezekana, kwa maana Shinyanga imeliona. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mpango wa HASHI, nchi yetu ilikuwa ikielekea kuwa jangwa. Mpango ule ulikuja kufanikiwa ulipowasikiliza wazee na kuifufua desturi yao ya ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa malisho na miti. Kama wataalamu waliweza kumwuliza mzee wa Kisukuma juu ya miti, wanaweza kumwuliza juu ya soko.

Lakini tusiielekezee serikali kidole huku wenyewe tumekaa. Kila usharika ununue mizani, uipeleke kwa Wakala wa Vipimo ihakikiwe, na iwe wazi kwa kila mtu, Mkristo na asiye Mkristo, kupima gunia lake kabla ya kwenda kuuza. Baada ya matangazo ya Jumapili, mzee mmoja asome bei za wiki za Mhunze, Shinyanga mjini na Mwanza. Vijana wetu wana simu, watazipata. Sadaka ya mavuno isinadiwe yote siku ileile. Sehemu ya mtama ihifadhiwe vizuri kanisani, ikopeshwe msimu wa kulima, irudishwe kwa kipimo kilekile bila riba. Na mzee wa kanisa anayenunua choroko changa shambani kwa jirani mwenye shida aache, au aache kugawa meza ya Bwana.

Najua neno hilo la mwisho litawaudhi baadhi yetu, na sisi tunaoandika tumo. Tumewahi kununua hivyo. Tuliita msaada. Tulipokwenda kuvuna, mwenye shamba alitusaidia kubeba magunia, akatushukuru, na Januari tukamkuta kwenye mlango wa nyuma wa mchungaji.

Katika Sala ya Bwana tunaomba chakula kwa ajili yetu sote, si kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Ombi hilo linatufunga. Msimu huu, kabla hatujapanga debe la kwanza mbele ya madhabahu, tupange kwanza mizani mlangoni.