Risiti si bei: usinunue viraka vya mtu mwingine

Haya jamani, leo naacha kompyuta kidogo niseme jambo linalonikera. Mtaona mwishoni kwamba sijaenda mbali na kazi yangu.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Mwanda, kule juu milimani Taita. Juzi alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyepata mchumba. "Kaka, nimepata Datsun 240Z! Imetengenezwa kama za Safari." Bei ni shilingi milioni mbili na laki nne. Pesa atazitoa wapi? Mkopo wa sacco, na kinachobaki auze kipande cha shamba alichoachiwa na mzee, palepale panapomlipia karo za watoto kwa kabichi.

Nilimwomba anitumie hesabu ya muuzaji. Ilikuja hivi:

Gari lenyewe: 1,500,000
Injini kubwa zaidi: 350,000
Kabureta tatu za Weber: 200,000
Rimu pana: 150,000
Shoki za mashindano: 120,000
Rangi: 80,000
Jumla: 2,400,000

Mmeona ujanja? Huyu bwana hauzi gari. Anauza kumbukumbu ya matumizi yake! Kila shilingi aliyofurahia kuitumia anataka mtu mwingine amrudishie. Mimi nimeandika programu miaka mingi, na sijawahi kuona mteja akilipa kulingana na saa nilizokesha. Analipa kulingana na kinachofanya kazi. Nikikuletea mfumo wenye viraka mia moja nilivyobandika usiku bila kuandika popote nilichobadilisha, hutaniongezea pesa. Utanipunguzia, kwa sababu atakayekuja baada yangu atatumia wiki nzima kutafuta nilipogusa.

Gari lililofanyiwa mabadiliko ni programu iliyotiwa viraka. Swali la kwanza si "lina nini?" Swali ni "nani alibadilisha nini, lini, na sehemu za asili ziko wapi?" Kama hakuna jibu, kila badiliko ni deni unalorithi.

Najua jina la 240Z lina uzito kwetu. Gari hili lilishinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mwaka huo wa 1973 Mehta alilingana alama na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, ikabidi watumie kanuni ya kutenganisha sare. Wazee wa Taita bado wanasimulia magari yakipita milimani na vumbi likibaki hewani. Lakini historia ya Mehta haihamii kwenye kila Datsun iliyofungwa taa nne mbele! Muuzaji akisema "hii ilikimbia Safari", mwombe karatasi. Simulizi haina namba ya chesi.

Hoja yake ya pili ni kwamba huko Marekani 240Z moja iliuzwa dola 310,000 kwenye mnada mwanzoni mwa 2020. Ni kweli, iliuzwa. Ila gari lile lilitunzwa karibu kama lilivyotoka kiwandani, na lilikuwa limetembea maili kidogo sana. Yaani lilipata bei ile kwa sababu hakuna aliyelifanyia haya ambayo huyu bwana anataka alipwe kwayo. Mfano wake mwenyewe unamshtaki.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nami naikubali nusu. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la kawaida la abiria lililozidi miaka minane, kwa hiyo magari haya ya zamani ni yaleyale yaliyomo nchini, na kila mwaka machache yanaozea nyuma ya nyumba. Uhaba unapandisha bei, sawa. Lakini kilicho haba ni bodi nzima yenye karatasi safi. Rimu pana si haba, zimejaa tele madukani.

Sasa tufanye kazi. Nilimwandikia mdogo wangu hatua hizi, nanyi zichukueni.

1. Karatasi kabla ya gari. Fanya msako wa namba ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chesi, namba ya injini, na kama kuna benki inayolishikilia. Kisha fungua boneti usome kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria. 240Z ya usukani wa kulia iliyotengenezwa kuuzwa nje ya Japani huanza na HS30. Ukikuta RS30, hiyo ni 260Z, gari jingine lenye bei nyingine.

2. Namba ya injini. Injini ya asili ni L24, ya ujazo wa sisi 2,393. Wengi hufunga L28, ambayo ni kubwa na ina nguvu zaidi. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni logibuku kuendelea kusema L24. Badiliko hilo linapaswa kuandikishwa. Lisipoandikishwa, siku ya ajali bima ina pa kuponyokea, na siku ya kukaguliwa wewe ndiye wa kujieleza.

3. Kutu. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, na kuzunguka mlango wa nyuma. Isiponata, hapo kuna puti chini ya rangi. Halafu lala chini utazame sakafu na reli za chesi, kisha angalia chini ya sinia ya betri, ambako asidi hula chuma kimyakimya. Injini mbovu unaweza kuibadilisha. Bodi iliyooza ndiyo gari lenyewe limekwisha.

4. Pima silinda zote sita. Injini iwe moto, plagi zote zitolewe, na pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka mwisho. Kwenye mwinuko vipimo vyote vitakuwa chini kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hiyo usiogope. Tafuta tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikipungua zaidi ya asilimia kumi na tano kuliko wenzake, kuna shida ndani.

5. Usilijaribu Voi. Voi iko kwenye mita kama 600 na barabara ni tambarare, huko hata punda anaonekana farasi. Lipandishe kutoka Mwatate hadi Wundanyi, uendelee Mwanda. Kabureta zilizopangwa bondeni zitakula petroli nyingi huku juu na kutoa moshi mweusi. Radieta ikishindwa, mshale wa joto utakuambia kwenye kona zile. Kisha shuka nalo, usikilize breki na difu. Muuzaji akikataa safari hii, amekwisha kukujibu.

6. Mpe mtu wa tatu alikague. Chama cha Magari cha Kenya, AA, hukagua na kukadiria thamani. Lipa ada yao. Fundi rafiki ya muuzaji hahesabiki.

Baada ya hapo ndipo bei. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako:

Gari kama hilo, zima, lisilobadilishwa: 1,800,000
Toa kuziba kutu: 250,000
Toa nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo: 60,000
Toa kabureta na breki kurekebishwa: 140,000
Toa giaboksi: 50,000
Ongeza sehemu za asili zikiwa bado kwenye boksi: 100,000
Toa akiba ya yasiyoonekana: 200,000
Inabaki: 1,200,000

Angalia kwamba nimeanza juu kuliko yeye kwa laki tatu, na bado nimeishia milioni moja na laki mbili chini yake. Na kama sehemu za asili alishaziuza, toa ile laki moja pia.

Mtu ataniuliza, mbona Singer kule California wanabadilisha Porsche 911 za zamani na kuziuza ghali kuliko za asili? Swali zuri. Kampuni ile ina jina, na mnunuzi anajua nani alifanya kazi na wa kumwuliza ni nani. Anachonunua ni kazi inayojulikana. Nioneshe gari la Mombasa au Nairobi lenye faili la namna hiyo, picha za kila hatua na jina la fundi anayepokea simu, nami nitaongeza bei bila kubishana. Sipingi mabadiliko, napinga mabadiliko yasiyo na historia kuuzwa kwa bei ya dhahabu kwa kijana mwenye shamba.

Nasi wanunuzi tuna lawama. Tunalipenda gari kwanza, halafu tunatafuta hesabu ya kulitetea. Kipande cha shamba cha Mwanda kikishauzwa hakirudi, na hakuna msumeno wala puti utakaokirudisha.

Mdogo wangu amekubali kusubiri. Jumamosi napanda Mwanda na sumaku mfukoni. Muuzaji akikubali safari ya mlimani na hesabu ya mezani, tutazungumza. Akikataa, kabichi zitaendelea kuota.