Nani Atawaongoza Skauti?

Mwalimu mlezi wa skauti akipata barua ya uhamisho, mara nyingi kundi lake hufa kabla yeye hajafika kituo kipya. Skafu hufungiwa kabatini, na vijana hurejea vijiweni. Tunayaandika haya tukiifikiria Malampaka, stesheni ya reli ya Tabora hadi Mwanza wilayani Maswa, mahali ambapo watumishi wa Serikali huja na kuondoka pamoja na pamba. Lakini tatizo ni la nchi nzima, na ndugu zetu wa visiwani wanalijua vilevile.

Uskauti si jambo geni kwetu. Ulifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, miaka michache tu baada ya Baden-Powell kupiga kambi ya majaribio na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Kwa hiyo hata chanzo chake ni kisiwani. Mzee huyo alifia Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na amezikwa huko.

Wako wanaodhani kwamba kazi ya skauti ni kupanga watu mistari siku za sherehe. Hilo ni dogo kabisa. Kazi yenyewe ni kumfundisha mtoto kuogelea, kufunga jeraha, kufunga fundo la kamba lisiloteleza, kusoma ramani na kulala porini bila woga. Wananchi wa Ukara hawahitaji kuelezwa thamani ya mafunzo hayo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati lao, na watu 228 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimepakia kupita kiasi, na hakuna skauti ambaye angelizuia hilo. Lakini ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kuwafikia abiria walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Katika maafa, wa kwanza kufika ni jirani. Swali ni kama jirani huyo amefunzwa.

Nani basi amfunze? Walimu peke yao hawawezi, nasi tunaona ni kuwaonea kuwabebesha mzigo huu juu ya madaftari ya kusahihisha. Usukumani vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kwenye kilimo cha pamoja na kuwaamua walipogombana. Hakuwa mwajiriwa wa mtu, wala hakuhamishwa. Watu wa namna yake wapo bado: mstaafu wa reli, muuguzi, karani wa pamba, kijana aliyerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wao hawajaombwa kamwe. Wengine, tuseme kweli, wakiombwa huuliza posho kwanza.

Hata uwanja upo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Maswa ikiwa bado katika mkoa wa Shinyanga, uliwahimiza wananchi kurudisha ngitili zao. Chini ya miti ya ngitili, kwa idhini ya wenyewe, kambi haigharimu zaidi ya unga, maharage na maji ya kuchemsha.

Kwa viongozi wa Serikali tunayo maombi. Mtumishi anayejitolea aruhusiwe kwenda kambini bila kuhesabiwa mtoro kazini. Kila anayekabidhiwa watoto achunguzwe kwanza mwenendo wake, wala asiachwe peke yake nao. Mapenzi ya kazi hayatoshi kuwa cheti. Nao makamishna wa skauti wa wilaya wahakikishe kila kundi lina viongozi wawili au zaidi, na mmoja wao awe mwenyeji asiye mwalimu. Mwenyeji huyo atafutwe sasa, mwalimu angali yupo wa kumwonyesha kazi na kumkabidhi daftari la majina ya vijana.